Siku Pingamizi Alipokubali

Jumamosi, Machi 9

Mvua imeanza leo, na sisi tumeanza nayo. Chumba cha nyuma cha maktaba kinavuja palepale kilipovuja mwaka jana. Mkutubi kaweka ndoo, tukasogeza viti, tukachagua mwaka. Ndio utaratibu wetu: kila msimu wa mvua tunachukua mwaka mmoja wa zamani, tunasoma riwaya zake, tunagombana kila Jumamosi mpaka mvua inakaribia kukatika, halafu tunapiga kura ipi ilikuwa bora. Safari hii ni mwaka hamsini na tatu. Watu wengine mvua ikinyesha hulala. Sisi hutafutana ubaya.

Kanuni alizitunga wifi yangu, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuzivunja. Asiyemaliza kitabu hapigi kura. Mwisho wa kitabu hautajwi mpaka siku ya mwisho. Kitabu hakionewi huruma, wala mtu hasifu asichokipenda. Na aliyeshindwa ndiye anayeosha vikombe.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hajaacha. Hata chai ya mtu anaipa maksi. Hakuolewa. Tangu kaka yake afariki tunaishi nyumba moja, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma pamoja na mapasi yangu, maana mimi ni dobi. Amechagua *Mlinda Daraja*. Kaka yake aliwahi kumwambia hakuna riwaya kama ile, akakataa kumwambia kwa nini. Macho yake sasa yana mtoto wa jicho, herufi haoni, kwa hiyo atakayesoma ni mimi. Kurasa mia tatu za mzee anayekaa kibandani kulinda daraja! Nimeshaanza kupiga miayo.

Mimi nimechagua kitabu cha kuchekesha, *Mirathi ya Punda*. Wamekitupa nje raundi ya kwanza. Wamekosa adabu.

Jumanne, Machi 12

Mashuka ya nyumba ya wageni hayajakauka. Korido yote ni kamba. Kwenda chooni lazima uiname.

Jumamosi, Machi 16

Kumebaki vitabu viwili, *Mlinda Daraja* cha wifi na *Ghorofa ya Tatu* cha Pingamizi.

Pingamizi ni fundi bomba. Jina lake la kweli nadhani hata mkewe kalisahau. Ukimwambia maji, atakuuliza ya bomba gani. Wifi akisema ndiyo, yeye hapana. Wifi akihamia kwenye hapana, yeye anavuka kwenda kwenye ndiyo. Hivyo ndivyo walivyo tangu tuanze, wala sijawahi kuona akimkubalia hata mara moja. Leo wifi kasema kitabu cha Pingamizi kina watu wengi mno.

"Mwalimu, ghorofa ina wapangaji. Ulitaka akae mlinzi peke yake?"

"Nilitaka wawe watu, siyo orodha ya mahudhurio."

"Wewe kitabu chako kina mtu mmoja, naye hasogei!"

"Anasubiri mwanawe aliyevuka daraja akaenda vitani. Atasogea aende wapi?"

"Haya, ngoja ufike mwisho ndipo tutaonana."

"Kanuni!" wifi akapiga meza. "Mwisho hautajwi!"

Njiani aliniambia yule mtu ni kichefuchefu. Alikuwa anacheka. Mimi simpendi Pingamizi, nasema wazi. Mtu gani anaingia chumbani na buti zenye matope halafu anaanza kubisha kabla hajakaa?

Jumatatu, Machi 18

Sijui niandike vipi.

Tulikwenda hospitali kufuata majibu ya vipimo vya tumbo. Daktari alimwacha wifi anavaa viatu nyuma ya pazia, mimi akaniita nje penye benchi.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

"Hana mume? Watoto?"

"Ana mimi na mwanangu."

Akatazama sakafu. Akasema ni uvimbe, umeshasambaa mpaka kwenye ini, hakuna cha kukata. Dawa atakazotoa ni za kutuliza maumivu. Nikamuuliza muda. Akasema akiona mwisho wa mvua hizi tushukuru. Akasema macho nayo yaachwe, hakuna haja ya kumtesa na upasuaji. "Kumwambia au kutomwambia, ninyi ndugu ndio mnaomjua."

Nikampigia mwanangu, nikamweleza. Ni dereva wa lori, alikuwa njiani na mzigo.

"Mama, asiambiwe. Shangazi akijua atakata tamaa, hamalizi wiki."

"Shangazi yako hajawahi kukata tamaa. Yeye hukata maksi."

"Mama, nakuomba. Niapie."

Nikaapa. Alikuwa analia, mtoto wa kiume na ndevu zake, ningefanyaje?

Kwenye teksi wifi akauliza, "Kasemaje?"

"Vidonda vya tumbo."

"Vidonda tu?"

"Vidonda tu."

"Basi tukifika tukasome. Tumemwacha yule mzee na taa haijawashwa."

Nilisoma kurasa ishirini na sikuelewa hata neno.

Ijumaa, Machi 22

Nimemwambia Mkutubi, kwa sababu nahitaji kiti chenye mto cha kumkalisha wifi. Mfamasia, mwenzetu wa tano, alishajua alipoona cheti cha dawa. Nilimtolea macho, akafunga mdomo.

Jumamosi, Machi 30

Tumejua wote sasa isipokuwa mwenyewe. Pingamizi kaambiwa leo mlangoni. Nilidhani atalainika. Akaingia, akapangusa buti, akakaa, akamshambulia wifi saa nzima kwamba *Mlinda Daraja* ni kitabu cha mtu aliyekosa kazi. Wifi akamjibu mpaka akakohoa, akaomba maji, akamjibu tena.

Nilimfuata Pingamizi nje nimpashe. "Wewe huna utu? Si umeambiwa?"

Akafunga koti taratibu. "Nimeambiwa. Dada, nikianza kumbembeleza atajua papo hapo. Yule ni mwalimu."

Nimemsema vibaya miaka yote, na leo yeye ndiye aliyefikiri kuliko sisi.

Alhamisi, Aprili 4

Mvua. Wifi kanywa uji nusu kikombe.

Jumatano, Aprili 10

Tunasoma alasiri, pasi zikishapoa. Anakaa kwenye kiti cha kaka yake, miguu juu ya furushi la mashuka. Kitabu kinanichosha na kinanishika, vyote viwili. Mzee hupokea salamu za wapita daraja kila asubuhi na kila mmoja humuuliza, "Mwanao hajarudi?" naye hujibu, "Yuko njiani." Ukurasa baada ya ukurasa. Yuko njiani. Leo wifi alikuwa anatangulia kulisema kabla yangu.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Naona kinaboa."

"Hiyo ndiyo kazi yake. Kusubiri kunaboa. Sasa wewe unakipendelea cha Pingamizi?"

"Ndiyo." Nilimsomea chote wiki ile ya kwanza. Mle ndani kuna mwanamke anafua nguo za ghorofa nzima kwenye bomba moja, na mwandishi anajua maji ya baridi yanavyofanya vidole. Sijawahi kujiona kitabuni.

"Vizuri. Na siku ya kura usije ukainua mkono upande wangu kwa kunionea huruma. Nitakutokea usiku."

Anacheka. Mashavu yake yamebonyea. Nikasema ninakwenda kutazama kamba, nikasimama koridoni katikati ya mashuka ya watu nikalia kimyakimya, kwa sababu masikio yake bado ni mazima.

Jumamosi, Aprili 13

Wifi na Pingamizi wamegombana vizuri.

Jumamosi, Aprili 20

Hakuweza kwenda. Alisema vidonda vimemkera. Mwanangu kapita na lori, kaleta machungwa, kamwambia shangazi umenenepa. Wifi akamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo? Basi hukufuzu." Tukacheka sote watatu. Kisha mimi na mwanangu hatukutazamana.

Ijumaa, Aprili 26

Mashuka matatu yameota ukungu. Nimeyafua upya. Mwenye nyumba ya wageni kanigombeza, nikamgombeza.

Jumatatu, Mei 6

Anameza dawa mara mbili zaidi. Anauliza kwa nini vidonda havisikii dawa. Nikasema, mvua. Mvua inachelewesha kila kitu. Upumbavu gani huo nilioutoa? Aliitikia tu, akasema tuendelee, Jumamosi ni siku ya mwisho na hajamaliza.

Alhamisi, Mei 9

Nimefanya jambo.

Zilikuwa zimebaki kurasa chache. Asubuhi, maji yakichemka, nikatangulia kuzisoma peke yangu. Mtoto harudi. Mzee anakufa kibandani, amekaa vilevile, kofia kichwani, asubuhi ya mvua. Watu wanapita wanamsalimu siku nzima, hakuna anayetambua. Hiyo ndiyo sababu mume wangu alikataa kusema.

Alasiri nikakaa mbele yake na kitabu. Alikuwa amevaa gauni safi, eti siku ya kumaliza kitabu ni siku ya kuvaa. Nikafika pale. Nikaona mikono yake juu ya magoti, imebaki mifupa na pete ya mama yake inayozunguka yenyewe kidoleni. Ulimi ukakataa. Nikageuza ukurasa na nikaanza kutunga. Nikamleta mtoto. Akatokea ng'ambo ya daraja na mvua ikakatika, wakakumbatiana, watu wakashangilia. Mungu wangu, hata jua nilitoa.

Wifi akainua mkono kunisimamisha.

"Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili mtoto alikuwa na begi ambalo mara ya kwanza hakuwa nalo.

"Mhm," akasema. Akaomba alale.

Jumamosi, Mei 11

Niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Tulimfikisha maktaba kwa teksi, Mfamasia akamshika mkono huu, mimi huu. Mvua ilikuwa kubwa, ndoo mbili leo. Tulikuwa watano kama kawaida. Siku ya mwisho kila mtetezi husimama aseme kuhusu mwisho wa kitabu chake. Wifi alisema atasema akiwa amekaa.

"Nimekisubiri kitabu hiki tangu kaka yangu akiwa hai," akaanza. Sauti ilikuwa ndogo ila ni ileile ya darasani. "Nimekipenda kurasa zote. Lakini mwandishi kaharibu mwishoni. Kaingiwa na woga. Mtu aliyemketisha mzee yule kibandani kwa kurasa mia tatu hawezi kumrudishia mtoto dakika ya mwisho, na mvua ikatike, na watu washangilie. Ule ni mwisho wa kubembeleza watoto walale. Nakipa maksi nne. Kaka yangu alikosea, na mimi naondoa kitabu changu."

Sikuinua macho. Nilisikia ndoo zikidondokewa. Wote walikuwa wamekisoma. Wote walijua hakuna mtoto aliyerudi. Mfamasia akanitazama, na nadhani uso wangu ulimjibu.

Kisha Pingamizi akasimama. Nikasema moyoni, haya, sasa ananiumbua, na ninastahili. Alikuwa na *Mlinda Daraja* mkononi, amekifungua mwishoni kabisa. Akakitazama. Akakifunga.

"Mwalimu," akasema, "uko sahihi."

Wifi akageuza uso upande ilikotoka sauti.

"Umesemaje?"

"Nimesema uko sahihi. Mwisho ule ni dhaifu. Nami niliuona hivyohivyo."

Mtu ambaye hakumbembeleza msimu mzima akashindwa kumpinga pale. Wifi akaweka mikono juu ya magoti. Hakuuliza tena. Akasema, kwa adabu kama mgeni, "Nimechoka. Naomba nirudishwe nyumbani." Mkutubi akasema kura itangoja.

Nyumbani nikamvua viatu, nikamlaza, nikamfunika. Nilipogeuka akasema, "Wifi. Nina muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Yule mtu hajawahi kunikubalia. Nikisema mvua inalowesha atasema inategemea. Leo kanikubalia mbele ya watu. Hakuna kinachoweza kumfanya Pingamizi anikubalie isipokuwa jambo moja. Nina muda gani?"

Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikamwambia. Uvimbe, ini, daktari, benchi, kiapo cha mwanangu. Yote.

Sijawahi kuona hasira ile. Hakupiga kelele, hakuwa na nguvu. Alilia kwa hasira, machozi yanaingia masikioni, na mkono wangu akausukuma.

"Tangu Machi?"

"Tangu Machi."

"Wote mnajua?"

"Wote."

"Na kitabu? Mwisho ulioandikwa ni upi?"

Nikakichukua. Nikamsomea kilichoandikwa. Asubuhi ya mvua, kibanda, kofia. *Watu wakapita darajani kama kila siku. Wakamsalimu. Kila mmoja akadhani ni mwenzake aliyeitikiwa.*

"Mpaka lini?"

"Mpaka jioni, alipokuja mtu wa kuwasha taa."

Akafumba macho. Nikadhani kalala.

"Ndivyo mlivyonifanya," akasema. "Mnapita mnanisalimu, umenenepa, pole na vidonda. Na mimi nimekaa hapo, nimeshakufa, nyinyi wote mnajua."

Niliomba msamaha. Nilikaa sakafuni, na baada ya muda mrefu akauweka mkono wake kichwani pangu, mzito kidogo, kama anavyomshika mwanafunzi aliyekosa hesabu. "Nakipa tisa," akasema. "Kumi simpi mtu."

Jumatatu, Mei 13

Kaniagiza nimwite Pingamizi. "Mwambie asije na sura ya msiba."

Jumanne, Mei 14

Alikuja akitoka kazini, kaloa mpaka kwenye soksi, mfuko wa spana begani. Alisimama mlangoni anavua buti. Hajawahi kuvua buti.

"Vaa buti zako," wifi akasema. "Kaa. Nimesomewa mwisho wenyewe. Sasa nipinge."

"Mwalimu, mimi—"

"Nipinge, bwana! Nimebaki na wewe tu."

Akakaa ukingoni mwa kiti, akalia kwanza. Kisha akajifuta kwa kofia, akasema mwisho ule ni ukatili mtupu, kwamba haiwezekani watu wote wale wapite siku nzima asitokee hata mmoja wa kumgusa bega, kwamba mwandishi aliwachukia watu. Wifi akasema mwandishi aliwajua watu. Pingamizi akasema, hujui, kwenye *Ghorofa ya Tatu* mwanamke akikosa kushuka bombani asubuhi moja tu, wapangaji wanavunja mlango. Wifi akasema, hizo ni ndoto za mafundi bomba. Wakaendelea hivyo mpaka giza likaanza kuingia. Mimi nilikuwa koridoni napiga pasi na nilisikia kila neno. Mara mbili wifi alicheka hadi ikabidi nimwinue apumue.

Akiondoka wifi akamwambia, "Kura yangu ni *Mlinda Daraja*. Umesikia?"

"Nimesikia. Unakosea."

"Asante," wifi akasema.

Ijumaa, Mei 17

Amefariki alfajiri. Nilikuwa nimemshika bega. Inanyesha.

Jumapili, Mei 19

Tumemzika jana kwenye tope. Leo mwanangu kaniuliza, "Shangazi alijua?"

"Alijua."

"Nani alimwambia? Si uliniapia?"

"Pingamizi."

Akasimama kwa hasira. "Alimwambia nini?"

"Alimwambia yuko sahihi."

Hakuelewa. Nilimweleza, akakaa chini kwenye furushi la mashuka, akaweka uso mikononi. Akasema alitaka asiteseke tu. Nikamwambia najua, baba, na mimi nilitaka hivyohivyo, na tulimwacha peke yake miezi miwili.

Jumatano, Mei 22

Jua. Nimetoa kila kitu nje. Mashuka yake pia.

Jumamosi, Mei 25

Kura.

Ndoo zimeondolewa, pamebaki duara la kutu sakafuni. Mkutubi alisema labda mwaka huu tusipige. Pingamizi akapinga. Mfamasia akasema basi tuko wanne, kura ya marehemu haihesabiwi. Pingamizi akapinga na hilo. "Kanuni inasema aliyemaliza kitabu anapiga kura. Amemaliza, nami nimeisikia kura yake kwa masikio yangu. Haijasema lazima awe hai." Akainua kidole kimoja kwa ajili ya *Mlinda Daraja*, kura ya wifi, dhidi ya kitabu chake mwenyewe.

Mkutubi akamuunga wifi mkono. Pingamizi na Mfamasia wakachagua *Ghorofa ya Tatu*. Mbili kwa mbili. Wakanigeukia mimi.

Nilitaka kumpa. Mungu anajua nilivyotaka. Alikuwa amebaki na kitu kimoja tu hapa duniani cha kushinda, na mimi ningekitoa kwa kuinua mkono. Lakini nilishampa mwisho wa uongo mara moja, na aliniambia mapema nisimpigie kura ya huruma, akicheka, kwenye kiti cha kaka yake. Kitabu hakionewi huruma. Nikamkumbuka mwanamke yule wa bombani na vidole vyake.

"*Ghorofa ya Tatu*," nikasema. Sauti ilinikatika, ila nililimaliza neno.

Pingamizi alikuwa ameshinda. Akasimama kama anavyosimama kila mwaka, kifua mbele, mikono kiunoni, amejiandaa. Akamtazama Mkutubi, akamtazama Mfamasia, akanitazama mimi. Alikuwa anangoja apingwe. Hakuna aliyesema kitu. Akatazama kile kiti cha wifi chenye mto.

Akashusha mikono, akakusanya vikombe vyote mezani, akaenda kuviosha.